Hukuchomoa Waya

Bomani, Tarime
Alhamisi

Rhobi,

Leo sikuiti mama. Umebeba jina la mama yangu, na tangu uzaliwe nimekuita hivyo mbele ya watu na nyuma yao, lakini katika barua hii utakuwa Rhobi tu, kama wateja wa dukani wanavyokuita. Wala sikuulizi hali. Hali yako naijua, nimekuona asubuhi ukila viazi vitamu na kucheka na mama yako kana kwamba nyumba hii haina neno. Una afya njema. Mimi pia nina afya, ila nimekasirika, na sitaki uondoke kesho ukidhani uso nilioukunja wiki nzima ni uchungu wa kumuaga mtoto. Si uchungu huo. Ni hasira.

Mambo ya kubeba blanketi, kupiga simu ukifika na kutokula ovyo njiani, mama yako ameshakwambia na kesho atakwambia tena ukiwa umeshashika kitasa cha mlango. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la Machochwe.

Najua umeshaanza kukunja karatasi. Ikunjue.

Nitalieleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu tangu siku ile umekuwa ukiyasimulia kwa namna yako, na namna yako ina mashimo. Shamba la Mzee Wambura kule Machochwe linapakana na pori la hifadhi. Tembo wakivuka, la kwanza kukanyagwa ni lake, halafu ya majirani zake wote kushuka mpaka mtoni. Ndiyo maana tulitandika zile nyaya kwenye nguzo, mimi na wewe, ukiwa umenishikia nyundo na kulalamika jua. Tembo akigusa waya, kile kidude cha nguzoni kinatuma ishara. Nyumbani kwa mzee kuna kipokezi, kidogo kama kiberiti, kimechomekwa kwa waya kwenye kompyuta ndogo. Kompyuta ikisikia ishara, inapiga king'ora juu ya bati, watu wanaamka na ngoma na mienge, tembo wanarudi walikotoka. Na kwenye ile kompyuta nikaweka taa. Ikiwa kijani, mashine inasikiliza. Ikiwa nyekundu, ni kiziwi. Mzee Wambura hajui kompyuta wala hataki kuijua, lakini kijani na nyekundu anazijua, nilimfundisha mwenyewe.

Kompyuta ya kwanza ilipokufa nilikutuma wewe ukafunge mpya. Nilikuwa na homa, utakumbuka, na wewe ulifurahi kwenda peke yako. Ulikuwa umeshapata ile kazi ya Mwanza, umeanza kutembea kama mtu anayesubiriwa mahali. Ulifika, ukafunga, ukachomeka kipokezi, na mashine ikakujibu maneno ambayo tumeyasoma pamoja mara nyingi kuliko maneno ya sala: ruhusa imekataliwa.

Hapo ndipo ninapokugombeza, Rhobi. Kukataliwa si kosa lako. Mashine ilikuwa mpya, mtumiaji tuliyempa jina la mlinzi, yule ambaye programu yetu inaendeshwa kwa jina lake, alikuwa hajaingizwa kwenye kundi lolote. Katika Linux, mfumo unaoendesha mashine zetu, kila kifaa unachochomeka kinapata faili lake, na faili lina mwenyewe, lina kundi, halafu kuna watu wengine. Mwenye kipokezi chetu ni mtumiaji mkuu, root, na kundi lake ni lile linaloitwa dialout. Wengine wote hawana lao pale. Ulichotakiwa kufanya unakijua kama unavyojua njia ya kwenda kisimani: mwingize mlinzi kwenye kundi la kifaa, zima na uwashe ili uanachama wake utambulike, na kama kundi halitoshi, andika kanuni kwenye folda ya kanuni ili kila kifaa kile kikichomekwa kizaliwe na ruhusa zake. Kazi ya kumaliza kikombe cha chai.

Wewe ulifanya nini? Ulivaa cheo cha mkuu, ukaandika ile amri ya kufungulia watu wote kusoma na kuandika, sita tatu mfululizo, ile namba ambayo mama yako hataki hata kuisikia ikitajwa ndani ya nyumba. Taa ikawa kijani. Ukala kuku wa watu. Ukamwambia mzee, "Babu, imepona." Ukapanda pikipiki ukarudi.

Faili la kifaa halikai, Rhobi. Linazaliwa waya ukichomekwa na linakufa waya ukichomolewa au mashine ikizimika, na ruhusa ulizozibandika kwa mkono zinakufa nalo. Ungechomoa waya ukaurudisha, mara moja tu, hapo hapo ulipokuwa umekaa na mfupa wa kuku mkononi, ungeiona ile taa ikiwa nyekundu mbele ya macho yako. Hukuchomoa. Nimekaa na jambo hili siku nyingi nikilitafutia jina la heshima na sijalipata. Hukuchomoa kwa sababu ulikuwa na haraka ya kuondoka, na kwa sababu waliokuwa wanakutazama wasingejua tofauti.

Yakaja mawingu ya siku kadhaa, betri ya sola ikaishiwa, mashine ikazimika. Jua lilipotoka ikawaka yenyewe. Kipokezi kikazaliwa upya na ruhusa zake za kuzaliwa. Mlinzi akagonga, akakataliwa. Taa ikawa nyekundu.

Sasa nifike kwenye langu, kwa maana usidhani nimejitoa. Mashine ile tuliiweka kwenye nyumba ya Mwita, mtoto wa mzee, kwa kuwa ndiyo yenye bati zuri na sola. Mimi ndiye niliyechagua. Niliangalia bati, niliangalia waya, sikuangalia mlango. Mwita ameoa. Baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mimi Mkurya mzima, niliyelelewa kwenye mji wenye kizingiti cha namna hiyo hiyo, nikaenda kuweka macho ya mji mzima mahali ambapo mwenye mji hawezi kuingia. Mgeni angefanya hivyo tungemsamehe, tungesema hajui. Mimi nilijua na sikufikiri.

Siku hiyo Mwita na mkewe walikuwa wamevuka kwenda Kenya, msibani kwa ndugu zao. Nyumba imebaki haina mtu. Jioni mzee anapita uani anaona kupitia dirishani taa ni nyekundu. Mlango haukuwa na kufuli, Rhobi, kulikuwa na komeo tu la mbao. Angeingia, angefanya lile tulilomwelekeza Mwita tangu mwanzo, la kunipigia simu akiwa mbele ya mashine nikamwelekeza hatua kwa hatua. Hakuingia. Alitafuta jirani wa kumtuma ndani, vijana wote walikuwa mnadani. Akarudi mpaka kizingitini, akasimama, akaona giza linaingia, akachukua tochi na debe la kupigia kelele akaenda kukaa mwenyewe mpakani mwa shamba, badala ya mashine.

Tembo walikuja. Alipiga debe, hawakujali. Akakimbia, akaangukia kwenye mtaro, nyonga ikavunjika. Waliokwenda kukamua asubuhi ndio waliomkuta, amelala kwenye maji akiita kwa sauti ambayo haikuwa inatoka tena. Mahindi yake yalikuwa yamelala chini mpaka kwa jirani wa tatu.

Na simu ilipopigwa hapa dukani, wewe ukiwa umesimama karibu na mashine ya fotokopi, ulinitazama usoni ukasema, "Itakuwa radi, baba."

Radi. Nilikuamini. Nilifunga kipokezi kipya kwenye begi nikaenda nacho, na njia nzima nilikuwa nakutetea kichwani mwangu dhidi ya watu ambao hata hawakuwa wamekulaumu. Nilifika, Mwita akanifungulia. Kipokezi kilikuwa kizima. Nikachomoa waya, nikaurudisha, nyekundu. Nikaangalia ruhusa za faili, nikaangalia mlinzi yuko kwenye makundi gani, hayuko kokote. Sikuhitaji kuuliza mtu. Nilijua ulichofanya kwa jinsi ninavyojua mwandiko wangu, maana mkoa huu hakuna mtu anayefungua vifaa kwa namna ile isipokuwa mimi na mtu niliyemfundisha.

Niliporudi nikakuuliza. Ukasema ni kitu kidogo, ulisahau. Nikapandisha sauti. Ukanijibu neno ambalo tangu siku hiyo halijaniacha:

"Kwani wewe dukani huwa unafanyaje, baba?"

Nilipiga meza nikatoka. Mama yako alidhani nimetoka ili nisikupige. Nilitoka kwa sababu ulikuwa umesema kweli. Nilikaa nje juu ya ile pikipiki isiyowaka kama mjinga, nikijifanya nakagua mnyororo.

Basi jibu ni hili, umelisubiri, lichukue. Dukani huwa nafanya upuuzi. Nilipoleta Linux hapa Bomani, nikichoshwa na virusi vya flashi za wateja, siku ya kwanza skana ilinikataa. Skana yangu, niliyoinunua mimi, juu ya meza yangu, ndani ya duka langu, inaniambia sina ruhusa. Unanijua. Mimi ni mtu ambaye akikataliwa na mlango anaona amekataliwa na mwenye nyumba. Nikasema haiwezekani, mimi ndiye mwenye mji hapa. Badala ya kujiingiza kwenye kundi la skana nikaanza kuingia asubuhi kama mkuu na kutoka jioni kama mkuu. Hakuna kilichonikataa tena. Nilikuwa nafungua picha za pasipoti kama mkuu, nachapa barua za maombi ya kazi kama mkuu, hata muziki wa kwaya ya mama yako naupiga kama mkuu. Nilijiona nimeishinda mashine.

Ungekuwa darasa la tano au la sita. Unakumbuka siku niliyowapanga tena wale wanafunzi wa Nkende mbele ya kibao cha bluu, mmoja mmoja, ukaniuliza mbona tunawapiga picha mara ya pili? Nilikwambia mwanga ulikuwa mbaya. Mwanga haukuwa na tatizo. Nilikuwa naandika mfumo kwenye flashi, nikakosea herufi moja, badala ya diski b nikaandika diski a, na a ilikuwa diski ya duka. Mashine haikuniuliza, nani atamuuliza mkuu? Ilifuta kila kitu kwa adabu kabisa. Mtumiaji wa kawaida angeandika amri ile ile angejibiwa ruhusa imekataliwa, angetukana, angesoma tena alichoandika, angeona. Mimi nilikuwa nimeshajiondolea huyo wa kunikatalia.

Ningekuwa na akili ningekueleza siku ile ile. Badala yake nilikupa mwanga mbaya, na wewe ukanipa radi. Tumefanana.

Baada ya hapo nilijirekebisha nusu. Niliacha kushinda nikiwa mkuu, lakini kifaa kikinigomea mteja amesimama, nilikuwa navaa cheo haraka, nafungulia wote, kazi inaenda, na nilikuwa nafanya hivyo ukiwa umekaa pembeni yangu na daftari la shule. Sikukufundisha kwa mdomo. Kwa mdomo nilikufundisha makundi na kanuni, na wewe ulizishika vizuri, hata chuoni walikusifu. Kwa mikono nilikufundisha ile nyingine. Ulipofika Machochwe umechoka, mikono ndiyo iliyokumbuka.

Ila usiifanye hiyo kuwa mlango wa kutokea. Mimi nilifuta picha, watoto wakarudi wakatabasamu tena. Wewe umelala hapa kila siku ukijua mtu mzima wa umri wa babu yako anajifunza kutembea na magongo, na ukanyamaza, na ukaenda kushona nguo za kazini. Hilo sikukufundisha mimi. Hilo umelitoa kwako mwenyewe.

Wiki iliyopita, nilipowaambia nakwenda Mugumu kununua wino, sikwenda kununua wino. Nilikwenda Machochwe, mzee akiwa ameruhusiwa kutoka hospitali. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia vizuri. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia kila kitu. Hakukuwa na radi. Mtoto wangu alifungua kifaa kwa namna ya haraka, hakujaribu kuchomoa waya, na mimi niliweka mashine kwenye nyumba isiyo yake. Nilidhani atanifukuza. Aliniambia nitoe ile mashine kwa Mwita niilete kwake, kwenye nyumba yake yeye, ukutani karibu na kitanda.

Niliihamisha. Siku ile ya kwanza, nilipokwenda na kipokezi kipya, nilikuwa nimeshamwingiza mlinzi kwenye kundi, sasa nikaandika na kanuni juu yake. Taa ikawa kijani. Nikaanza kukunja nyaya zangu. Mzee akaniambia, "Chomoa."

Nikachomoa. Nyekundu. Akasema nirudishe. Kijani. Akasema nizime yote. Nikazima, nikawasha, tukasubiri wote wawili, yeye ameegemea mto, mguu umenyooshwa. Kijani. Akanifanyia hivyo mpaka nikatokwa jasho, Rhobi, mwanaume mwenye mvi, nachomoa na kuchomeka kama mtoto anayeadhibiwa. Halafu akaniuliza kama wewe ulifanya hivyo. Nikasema hukufanya.

"Nani alimfundisha?"

"Mimi."

"Basi mje wawili," akasema, akiniita kijana kwa Kikurya. "Mura, usirudi hapa peke yako tena. Na huyo binti asinitumie salamu kwa simu. Asilete sukari. Aje asimame hapo mlangoni aniambie mwenyewe alichofanya."

Nikamwuliza kwa nini siku ile hakuingia kwa Mwita, mlango ukiwa na komeo tu. Nilimwuliza kwa sababu lilikuwa linanila. Alinikasirikia kuliko alivyokasirika kwa ajili ya mguu. Alisema mji ule kaujenga yeye, kila nguzo, na nyumba ile kaijenga yeye, na siku mwanawe alipoleta mke aliifunga miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Siku anaingia kwa sababu ya tembo, kesho yake ataingia kwa sababu ya mvua, na baada ya hapo mkwe wake hatakuwa na mahali pa kuvua kitambaa kichwani. Halafu akageukia ukutani.

Nimekuwa nikilifikiri hilo dukani, nikikata vitambulisho. Mtu ana uwezo wa kuingia kila mahali na amechagua mahali pamoja pawe si pake, akabaki nje mpaka mfupa ukavunjika. Mimi na wewe tulipewa uwezo huo huo kwa neno la siri la herufi chache, na tumeutumia kukwepa kazi ya dakika chache. Sisemi afe mtu kwa sababu ya kizingiti, na kosa la kuweka mashine mle ni langu, halimhusu. Nasema yule mzee anajua ruhusa ni nini, na sisi tunajua amri za kompyuta tu.

Unakwenda Mwanza kukaa na mashine za maabara ya hospitali. Zitakukataa tangu siku ya kwanza. Mashine ya kupima damu itakukataa, printa ya lebo itakukataa, na nyuma yako atasimama daktari ana haraka, na utakuwa na neno la siri la mkuu mfukoni. Hakuna atakayejua ulichofanya taa ikiwaka kijani. Umeme utakatika siku nyingine kabisa, wewe ukiwa umelala, na atakayeanguka mtaroni hutamjua hata jina. Nikikufikiria pale nashikwa na hofu, na hofu yangu huwa inatoka mdomoni ikiwa hasira, hilo unalijua na mama yako analijua.

Jana umemwambia mama yako kwamba ukishatulia Mwanza utamtumia mzee ujumbe mzuri wa pole. Nilisikia, nilikuwa sebuleni. Ujumbe mzuri. Ukishatulia. Nilikunywa chai yangu ikanishinda.

Leo mchana nimekutoa kwenye kundi la wasimamizi wa mashine za duka, zote. Akaunti yako ipo, mafaili yako sijayagusa, ukirudi likizo utaingia kama mtu yeyote. Skana nimekuachia, printa nimekuachia, kwa njia ya makundi, kama inavyotakiwa. Na mimi nimejitoa pia kwenye tabia yangu: neno la siri la mkuu nimelibadilisha nikamwachia mama yako alifiche, nikilihitaji nitamwomba na nitamwambia la nini. Amecheka sana. Amesema ameningoja miaka mingi nimwombe ruhusa ya kitu.

Kwenye mashine ya Machochwe nilitaka kukufuta kabisa. Nilimwambia mzee hivyo, nikidhani nampa heshima. Akasema mashine iko ukutani kwake, kwa hiyo jina la mtoto linabaki mpaka aseme yeye. Basi limebaki. Sijafurahi.

Sasa kesho. Unaripoti Jumatatu, na kesho ni Ijumaa, kwa hiyo usiniletee habari ya muda. Basi la Mwanza linaondoka alfajiri stendi, unalijua. Sitakuzuia. Simu yako, kompyuta yako, vyeti na barua ya kazi viko mezani chini ya barua hii, sijagusa, kwa sababu sitaki siku moja useme baba alikunyima kazi. Ukitaka kupanda basi hilo, panda, mama yako atakusindikiza.

Mimi nitakuwa upande wa pili wa stendi, kwenye gari la Mugumu, siti ya nyuma ya dereva. Nimewahi siti mbili. Tutashuka Machochwe, utasimama mlangoni, utasema. Mimi nitasimama nyuma yako, na nitasema langu tena kwa sababu ameagiza wawili. Akitufukuza, tutafukuzwa wote. Kisha nitakupeleka mwenyewe mpaka Mugumu ukapande gari la kukufikisha Mwanza.

Na begi lako kubwa, lenye nguo zile mpya za kazini, usilitafute chumbani. Chumbani kwako sikuingia, sijawahi na sitaanza uzeeni. Nilisimama koridoni, mama yako ndiye aliyelitoa, kwa amri yangu. Najua nimekwisha kuandika karatasi nzima nikimsema mtu anayetumia cheo cha mwenye mji. Leo nimekitumia. Nimekitumia mara moja, kwa kitu kimoja, na nimekwambia.

Begi litakuwa na mimi kwenye gari la Mugumu.

Baba yako